Kutafuta Kosa Katika Uthibitisho wa Jiometri

Swali: Fundi wa Kilosa ametengeneza kenchi yenye umbo la pembetatu ABC, kilele chake kikiwa A. Ubao AD unagawa pembe A katika sehemu mbili zilizo sawa, na D ni katikati ya BC. Thibitisha kuwa AB = AC.

Soma jibu hili la mwanafunzi na utafute kosa kabla hujaendelea:

Katika pembetatu ABD na ACD,
BD = CD (imetolewa)
AD = AD (upande wa pamoja)
pembe BAD = pembe CAD (imetolewa)
Kwa hiyo pembetatu hizi zinalingana, na AB = AC.

Usihangaike na mstari wa mwisho, kwani ni kweli AB ni sawa na AC. Hapo ndipo wengi hunaswa: jibu likiwa sahihi, wanadhani uthibitisho nao ni sahihi. Hoja tatu za mwanzo pia ni za kweli. Kosa limo katika "kwa hiyo". Kanuni inadai pande mbili na pembe iliyo kati yake. Pande zilizotumika ni BD na AD, na pembe iliyo kati yake iko D, siyo A.

Je, hilo ni jambo dogo? Tuseme pale Mikumi barabara ya Kilosa inachepuka kutoka barabara kuu ya Morogoro–Iringa kwa pembe ya 30° (kipimo ni cha swali tu). Umetembea mita 100 kuelekea Kilosa. Kuna duka kando ya barabara kuu, mita 60 kutoka uliposimama. Liko wapi? Chora kwa skeli ya sentimita 1 kwa mita 10, kisha zungusha bikari. Tao linakata barabara kuu mara mbili, karibu mita 53 na karibu mita 120 kutoka njia panda. Vipimo ni vilevile, pembetatu ni mbili.

Sasa turekebishe. Refusha AD hadi E ili DE = AD, kisha unganisha E na C. Pembe ADB na EDC ni sawa, maana zinatazamana pale mistari miwili inapokatana. BD = CD. Safari hii pembe iko kati ya pande, hivyo pembetatu ABD na ECD zinalingana: AB = EC, na pembe BAD = pembe CED. Lakini pembe BAD = pembe CAD. Basi pembe CAD = pembe CED, pembetatu CAE ni pacha, na AC = EC = AB.

Zoezi: Mwanafunzi mwingine alianza hivi: "Katika pembetatu yoyote ABC, chora AD unaogawa pembe A nusu kwa nusu na kukutana na BC kwa pembe mraba." Akamaliza kwa kuthibitisha kwamba kila pembetatu ni pacha. Alikosea wapi?