Miche ya bure chini ya mti wa shangazi

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alinisimamisha hapa Mugumu, pikipiki yake imebeba viroba viwili vya miche ya kahawa. Ameing'oa chini ya miti ya shangazi yake kule Tarime, bure kabisa, anataka kupanda nusu ekari. "Afisa, nichimbe mashimo ya ukubwa gani?" Mi nikamuuliza kwanza: hiyo miti ya shangazi inaugua? Akacheka. "Bila dawa haupati kitu."

Basi tuanzie hapo, maana jibu lake limo kwenye safari ya kahawa yenyewe.

Arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia na milima jirani ya Sudan Kusini. Huko msituni ipo ya kila namna. Ikavuka kwenda Yemen, na bandari ya Mocha ndo ikawa mlango wa biashara. Ila kilichovuka maji kilikuwa ni mbegu chache tu. Waholanzi wakaipeleka Java. Mwaka 1706 mche ukatolewa Java kwenda Amsterdam, na mwaka 1714 mfalme Louis XIV wa Ufaransa akapewa zawadi ya mche wa ukoo huohuo. Uzao wa miche hiyo michache ukaenea Amerika, na mwaka 1727 kahawa ikaingia Brazil. Fikiria, mamilioni ya miti, babu yao mmoja!

Ukoo wa pili Wafaransa waliutoa Yemen wakaupanda kisiwa cha Bourbon, leo kinaitwa Réunion. Huu ndo unatuhusu sisi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliuleta Bagamoyo, na mwishoni mwa karne ya 19 kahawa ikapanda hadi Kilema, Kilimanjaro. N39, ile ya zamani tunayoijua, ni ya ukoo huo. (Robusta ya Kagera ni habari nyingine. Wahaya walikuwa wanaitafuna karne nyingi kabla mmisionari hajafika.)

Sasa ongeza hili: arabika hujichavusha yenyewe. Mtoto anafanana na mama karibu kwa kila kitu, udhaifu ukiwemo. Ugonjwa ukimpata mmoja, umewapata wote. Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, waliona kutu ya majani mwaka 1869. Miaka ishirini hivi baadaye kahawa ilikuwa inakufa na wakulima wanahamia chai. Chulebuni nayo ilionekana kwa mara ya kwanza jirani zetu hapa, magharibi mwa Kenya, mwaka 1922. Ile inayofanya buni changa iwe na vidonda vyeusi. Inapenda baridi na unyevu wa juu kule Tarime; kutu yenyewe haiogopi joto la huku chini.

Dawa ya kudumu ilipatikana kwa ndugu waliopotea. Kisiwani Timor arabika na robusta zilizaa zenyewe shambani, mtoto akawa anahimili kutu. Na kutoka milima ya Boma, Sudan Kusini, ikapatikana Rume Sudan inayohimili chulebuni. Wakenya waliziunganisha damu hizo wakatoa Ruiru 11 mwaka 1985. Kwetu, TaCRI wana aina zao chotara zinazohimili magonjwa yote mawili.

Angalizo hapa, nimeona watu wanapigwa: usiokote miche chini ya chotara pia. Ruiru 11 mbegu yake hutengenezwa kwa kuchavusha kwa mkono, kwa hiyo inayoota chini ya mti haitakuwa kama mama. Ndiyo maana chotara nyingi huzalishwa kwa vikonyo kutoka bustani mama.

Kahawa inakula miaka mitatu hivi kabla ya kukupa hela ya maana. Ukikosea mche utagundua mwaka wa nne, pampu ya dawa iko mgongoni.

Kijana tumekubaliana hivi: mashimo achimbe sasa, sentimita 60 kwa 60 kwa 60, ajaze samadi iliyoiva, apande migomba ya kivuli. Miche ya shangazi ameigawa. Jumatatu anaenda Sirari, kwenye kituo kidogo cha TaCRI, kuulizia chotara na kuweka oda kabla mvua hazijaanza.