Mchungwa Uliounganishwa na Neema ya Ubatizo



Mwezi wa Septemba mawingu hukusanyika tena juu ya milima ya Mitumba. Katika nchi za baridi miti huamka theluji inapoyeyuka; kwetu sisi huamka kwa mvua za kwanza. Ndipo jamaa za Kilibula wenye shamba dogo la matunda hushika jembe, baba, mama na watoto pamoja. Leo tutazame kazi tatu za shamba la michungwa, tupate kufahamu Ubatizo tunaoungoja.

1. Shimo

Shimo huchimbwa kabla ya mvua, kina na upana sentimeta 60. Udongo mweusi wa juu huwekwa upande, kisha huchanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Asiye na subira hupanda siku ya mvua ya kwanza. Jua likirudi kwa juma moja, mche wanyauka. Mwenye busara angoja ardhi ilowe sawasawa. Tena, shamba likiwa mlimani, achimba mtaro wa kukingama mteremko na kupanda matete kandokando, ili maji yake yasiwe msiba wa jirani aliye chini. Watu wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuchukua watu na nyumba.

Hali kadhalika ukatekumeni. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, aliagiza wakatekumeni wafundishwe miaka 4 kabla ya kubatizwa. Hakutaka kuwachosha watu. Alitaka shimo liwe refu, mizizi ipate kushika.

2. Kiungo

Mchungwa uliopandwa kwa mbegu hukawia sana kuzaa. Kwa hiyo mkulima huchukua mche wa mlimao wenye mizizi ya nguvu, unene wake kama kalamu. Apasua gome kwa kisu kikali, mfano wa herufi T. Aingiza humo jicho lililotolewa katika mchungwa mzuri, na kulifunga kwa utepe. Baada ya majuma 3 hivi afungua. Jicho likiwa bado la kijani, limeshika. Ndipo akata kichwa cha mlimao, na jicho lachipuka.

Fikirini: mlimao hauwezi kujipa jicho la mchungwa. Ni lazima upewe na mkono wa mwingine. Vivyo hivyo neema si mshahara wa jitihada zetu. Ni zawadi ya Mungu. Mtakatifu Paulo naye, akiwaandikia Warumi (sura ya 11), atumia mfano wa matawi yaliyopandikizwa katika mzeituni.

3. Machipukizi ya chini

Hapa wengi hukosea. Mizizi ya mlimao ingali hai, nayo huchipuza chini ya kiungo. Chipukizi hilo lina miiba mirefu, tena hukua upesi kuliko mchungwa.

Tuseme baba mmoja aliunganisha mchungwa wake vema, kisha akashughulika na uvuvi wa ndagala usiku, na mchana akalala. Kila apitapo aona mti wa kijani, mrefu, naye afurahi. Amewaahidi watoto kwamba machungwa hayo yatalipa karo ya shule. Siku ya kuchuma, mtoto auma tunda na kulitema: ni limau! Mti haukufa, umerudia asili yake. Tawi la mchungwa lipo bado, lakini ni dogo na la manjano, limenyimwa chakula.

Ndivyo alivyo Mkristu anayevaa medali shingoni na kuimba kanisani, lakini hasemi na ndugu yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Kwa nje ni kijani. Matunda yake je?

Je, mti huo utupwe? Hapana. Baba akate shina la mlimao, na tawi dhaifu litapata chakula tena. Hana haja ya kuunganisha upya. Vivyo hivyo Ubatizo haurudiwi, kwa kuwa alama yake haifutiki. Bali Sakramenti ya Kitubio huondoa dhambi iliyoisonga neema. Bwana wetu Yezu Kristu alisimulia habari ya mtini uliokosa matunda miaka 3, na mtunzaji akauombea mwaka mmoja zaidi, aupalilie na kuutia samadi (Luka 13). Lakini msikawie. Chipukizi changa hung'olewa kwa kidole gumba. La mwaka mmoja lataka msumeno.

Maswali

Je, twaweza kujipatia neema kwa nguvu zetu?
Hatuwezi; neema ni zawadi ya Mungu.

Je, baada ya Ubatizo maelekeo mabaya yaisha?
Hayaishi, dhambi zaondolewa, lakini maelekeo mabaya yabaki, nasi yatupasa kuyapinga kila siku.

Aliyeanguka baada ya Ubatizo afanye nini?
Atubu, aungame dhambi zake kwa padri, na kupatana na jirani yake.

Azimio

Juma hili nitazame chini ya kiungo changu: ni chuki gani inayochipuka? Kama nimekosana na mtu, nitamwendea kabla ya Dominika.

Sala

Ee Mungu, mwenye shamba, utuandae kwa subira, utupe uzima wako, na utukate kila kinachousonga. Amina.