Kupima Vifuko vya Majimaji katika Mitapo ya Zinki na Risasi

Fuwele za mtapo zinapokua hunasa vifuko vya majimaji yaliyobeba metali. Vingi havionekani bila hadubini, lakini ndivyo sampuli ya karibu zaidi ya majimaji hayo aliyo nayo mjiolojia, na kwa sababu hiyo vinastahili kushughulikiwa kwa uangalifu.

Katika ukanda wa mitapo wa Viburnum Trend, jimboni Missouri, Marekani, vifuko vya sfaleriti, yaani mtapo wa zinki, vimeonyesha majimaji ya takriban nyuzi 90 hadi 150 za Selsiasi, yenye chumvi inayozidi asilimia 20 kwa uzito. Maji ya bahari yana kama asilimia 3.5 tu. Chumvi nyingi kiasi hicho inaelekeza kwenye maji ya kale ya mabonde ya mashapo, yaliyosafiri mbali ndani ya matabaka kabla ya kuacha metali zake, wala si kwenye mvua iliyopenya ardhini.

Hitimisho la namna hiyo husimama au huanguka kabla mtambo wa joto haujawashwa. Vifuko vilivyofuata kanda za ukuaji wa fuwele vina umri wa fuwele yenyewe. Vilivyopangika kwenye nyufa zilizoziba ni vya baadaye, na kuvichanganya ni kuchanganya matukio mawili. Sfaleriti hupasuka kwa urahisi, na kalsiti hata zaidi. Kwa hiyo kipande hubandikwa kwa gundi isiyohitaji moto, na joto ambalo kiputo cha gesi ndani ya kifuko hutoweka hupimwa kabla ya kugandisha, maana barafu inaweza kutanua kifuko. Joto linalopatikana ni kiwango cha chini. Kunaswa kwenyewe kungeweza kutokea kwenye joto kubwa zaidi. Barafu ikianza kuyeyuka karibu na nyuzi 52 chini ya sifuri badala ya 21.2 za chumvi ya kawaida peke yake, kuna kalisi pamoja na chumvi ya kawaida.

Galena, yaani mtapo wa risasi, haipitishi mwanga, hivyo vifuko vyake havionekani. Kuipa joto la sfaleriti bila kuthibitisha kwamba zilikua pamoja ni kosa la kitaaluma, hata kama ripoti inasubiriwa kwa hamu.

Vipimo vyote huandikwa, vikiwemo vinavyopingana na dhana ya mpimaji; kinachoachwa huachwa kwa sababu iliyotajwa. Fundi aliyekata na kung'arisha vipande ana haki ya kutambuliwa katika ripoti. Nusu ya kila sampuli hubaki bila kupashwa joto, ikiwa na namba ya shimo na kina chake, ili mwingine aweze kupima upya.