Hesabu ya Dadu: Somo kwa Wanaoalikwa Kwenda Kasino

Twajua ya kuwa wengi wa jamaa zetu siku hizi wanakaa Marekani kwa ajili ya masomo au kazi. Huko hutokea kwamba wenzi wa kazini hupanga safari ya siku mbili au tatu kwenda Las Vegas au Atlantic City, wakamwambia ndugu yetu, “Twende pamoja tukapumzike, tukacheze dadu.” Naye huona haya kukataa, maana ni rafiki zake, tena huona shaka kukubali, maana alifundishwa nyumbani ya kuwa kamari ni njia ya uharibifu. Je, tumwambie nini?

Si vizuri kumjibu kabla ya kuujua mchezo wenyewe. Mwalimu akatazaye jambo asilolijua, wanafunzi wake humheshimu mbele ya uso wake na kumcheka nyuma ya mgongo wake. Basi katika somo hili tutatazama asili ya mchezo huu, na jinsi unavyochezwa, na hesabu yake. Kisha tutaona yaliyo wajibu wa rafiki kwa rafiki.

1. Asili yake

Dadu ni kitu cha kale sana, lakini mchezo huu uitwao krapsi si wa kale hivyo. Ulitokana na mchezo mwingine wa Waingereza ulioitwa hazard, nao ulifika New Orleans, mji wa kusini mwa Marekani, karibu na mwanzo wa karne ya 19. Mtu mmoja wa mji ule, Bernard de Marigny, aliyezaliwa mwaka 1785, aliupenda sana. Alipokata shamba lake kuwa viwanja vya kujengea nyumba, barabara moja aliiita kwa jina la mchezo huo. Mtu huyu alirithi mali nyingi mno alipokuwa kijana. Hata alipokufa mwaka 1868, sehemu kubwa ya mali ile ilikuwa imekwisha kutoka mikononi mwake.

Baadaye mchezo ukaenea nchi nzima. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani waliucheza wakiwa wamekaa chini, wakitupa dadu juu ya blanketi. Jimbo la Nevada, ambamo mna mji wa Las Vegas, lilikuwa limehalalisha kamari mwaka 1931. Na Atlantic City ilifungua kasino yake ya kwanza mwaka 1978.

Yafaa kujua pia ya kuwa wenye elimu waliichunguza dadu zamani. Girolamo Cardano, mganga wa Italia aliyekufa mwaka 1576, alikuwa mcheza kamari, naye aliandika kitabu juu ya hesabu ya dadu, kilichopigwa chapa mwaka 1663. Na mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kwa sababu ya swali la mcheza kamari mmoja. Katika barua zile ilianza elimu ya kupima mambo ya bahati, elimu inayotumika leo katika bima na katika utafiti wa dawa. Kwa hiyo hesabu tutakayoifanya hapa chini si siri. Wenye kasino waijua vema. Nasi imetupasa kuijua.

2. Jinsi unavyochezwa

Meza yake ni ndefu, yenye kingo zilizoinuka pande zote kama hori la kulishia ng’ombe, na ndani yake kuna kitambaa chenye mistari na nambari. Wachezaji husimama kuizunguka. Dadu ni mbili, nazo hung’aa kama kioo, ili kila mtu aone ya kuwa hakuna risasi iliyofichwa ndani. Mtupaji lazima azitupe zigonge ukuta wa upande wa pili, ndipo zisimame. Kila mtu hupata zamu yake ya kutupa.

Sheria yake ni hii. Katika mtupo wa kwanza, jumla ikiwa 7 au 11, mtupaji ameshinda. Ikiwa 2, 3 au 12, ameshindwa. Ikitoka nambari nyingine, yaani 4, 5, 6, 8, 9 au 10, nambari hiyo huwa shabaha yake. Hapo ataendelea kutupa: shabaha ikirudi kabla ya 7, ameshinda, 7 ikitangulia, ameshindwa. Anayeweka dau pamoja na mtupaji huliweka juu ya mstari wa kupita; akishinda hulipwa sawa na dau lake, akishindwa hulikosa.

Wachezaji walio wengi huweka dau pamoja na mtupaji. Kwa hiyo hushangilia pamoja na kuugua pamoja, na mtu asiyejulikana hupigwa bega kama ndugu. Hii ndiyo sababu makundi ya marafiki huipenda meza hii kuliko michezo mingine ya kasino. Furaha hiyo si ya uongo, wala hatutaki kuidharau. Lakini haibadili hesabu.

3. Hesabu yenyewe

Dadu moja ina pande sita; dadu mbili zaweza kuanguka kwa njia 36. Nambari 7 ina njia 6, nazo ni nyingi kuliko za nambari yoyote. Nambari 6 na 8 zina njia 5 kila moja. 5 na 9 zina 4. 4 na 10 zina 3. 3 na 11 zina 2. Na 2 na 12 zina njia moja moja tu. Jumlisha zote, utapata 36.

Sasa angalia mtupo wa kwanza. Njia za kushinda ni 8, yaani 6 za saba na 2 za kumi na moja. Njia za kushindwa ni 4 tu. Basi mlangoni mchezaji amependelewa mara mbili! Ndiyo maana mgeni huona mchezo ni mwepesi. Lakini njia 24 zilizobaki humpeleka kwenye shabaha, na huko mambo hugeuka, kwa kuwa hakuna shabaha yenye njia nyingi kama saba. Mwenye shabaha ya 4 ana njia 3 za kushinda, na 7 ina njia 6 za kumshinda. Hata mwenye shabaha ya 6 au 8, aliye na nafasi nzuri kuliko wote, ana njia 5 dhidi ya 6.

Ukihesabu yote pamoja, katika michezo 495 mchezaji atazamia kushinda 244 na kushindwa 251. Tofauti ni 7 tu. Maana yake, katika kila dola 100 zinazowekwa juu ya mstari wa kupita, kasino hubakiwa na dola moja na senti 41 hivi. Ni kidogo, nasi tuseme kweli: michezo mingi ya kasino humla mtu zaidi ya hapo. Lakini wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Swali ni hili tu: kibaba ni cha nani?

Tena meza ile ina madau mengine yaliyo mabaya zaidi. Liko dau la kusema kwamba mtupo ujao utakuwa 7. Akishinda, mtu hulipwa dola 4 kwa dola 1. Yaonekana kuwa malipo mema. Lakini katika mitupo 36, saba hutazamiwa mara 6: atapata dola 24. Mara 30 zilizobaki atapoteza dola 30. Basi amepungukiwa dola 6 katika 36, yaani sehemu moja ya sita ya fedha yake yote. Malipo yaliyo haki yangekuwa dola 5 kwa 1.

Liko pia dau moja linalolipwa kwa haki kabisa. Shabaha ikiisha kupatikana, mchezaji aweza kuongeza fedha nyuma ya dau lake la kwanza; shabaha ikiwa 4 au 10 hulipwa dola 2 kwa 1, ikiwa 5 au 9 hulipwa 3 kwa 2, ikiwa 6 au 8 hulipwa 6 kwa 5. Hapa kasino haichukui kitu. Lakini hakuna awezaye kuliweka asiyeweka kwanza lile la mstari. Tena fedha inayoingia hatarini huwa nyingi zaidi. Kwa hiyo hata dau hili la haki haliondoi hasara ya lile lililotangulia.

4. Kwa nini hasara haionekani

Tuseme marafiki wanne wanasimama mezani saa nne. Kila mmoja anaweka dola 15 juu ya mstari, mara 30 kila saa. Kila mmoja atakuwa ameweka dau mara 120, jumla yake dola 1,800. Hasara inayotazamiwa kwa kila mmoja ni dola 25 na ushei. Lakini dadu haziendi kwa utaratibu huo. Si ajabu mmoja wao akatoka na faida ya dola 160, na mwingine na hasara kama hiyo. Dola 25 za kasino zimefichwa ndani ya mawimbi hayo, kama jiwe dogo ndani ya maji yaliyochafuka.

Basi wakirudi nyumbani, ni nani atakayesimulia? Ni yule aliyepata. Wale waliopoteza watanyamaza, au watasema, “Tulitoka sawasawa.” Mwaka 2009 mwanamke mmoja huko Atlantic City alitupa dadu mara 154, zaidi ya saa nne, kabla ya kushindwa, habari zake zikatangazwa mahali pengi. Walioshindwa upesi usiku ule ule hawakutangazwa popote. Kwa njia hii watu huyasikia mafanikio pasipo kuzisikia hasara.

Pia mtu hudanganywa na moyo wake mwenyewe. Akiona 7 haikutoka kwa muda mrefu, husema, “Sasa itatoka.” Au akiona mtupaji ameshinda mara tano, husema, “Ana mkono wa baraka.” Lakini dadu haina masikio wala kumbukumbu. Kila mtupo huanza upya, njia zile zile 36.

Na mahali penyewe husaidia udanganyifu huo. Fedha hubadilishwa kuwa vidude vya mviringo vyenye rangi, na mkono hauoni uchungu kuvitoa kama unavyoona kutoa noti. Kumbi nyingi hazina saa ukutani wala madirisha, mtu asijue kama kumekucha. Huko Las Vegas wachezaji huletewa vileo bila malipo, na akili iliyolewa haihesabu.

5. Wajibu wa rafiki

Sasa twaweza kumjibu ndugu yetu. Hatusemi ya kuwa kila aliyegusa dadu amepotea. Twasema hivi: fedha uendayo nayo mezani, ihesabu kuwa imekwisha kutumika, kama nauli ya gari. Ikiwa ni fedha ambayo ungeweza kuilipa kwa ajili ya burudani, pasipo mtu wa nyumbani kukosa kitu, ni juu ya dhamiri yako. Lakini ikiwa ni karo ya mtoto, au dawa ya mama, au kodi ya nyumba, si yako. Waitupa mali ya wengine, hata ikiwa mshahara umeandikwa jina lako.

Tena yeyote aendaye kwa nia ya kuongeza fedha, na asiende. Mchezo ule haukuundwa kwa ajili hiyo, kama tulivyokwisha kuhesabu.

Nao waliosafiri pamoja wana wajibu wao kwa wao. Wapatane kiasi na saa ya kuondoka kabla ya kufika mezani, wala wasipatane upya wakiwa mezani. Mtu asimkopeshe mwenziwe aliyeishiwa, ingawa aomba kwa machozi, kwa maana mkopo ule haumsaidii ila humrudisha shimoni. Aliyeacha asichekwe. Asiyecheza kabisa asilazimishwe. Aweza kula nao, kutembea nao na kulala salama, na urafiki usipungue. Urafiki unaovunjika kwa sababu mtu hakuweka dau haukuwa urafiki.

Zaidi ya yote, rafiki na awe na macho. Mtu akianza kuficha hasara yake, au kukopa ili arudishe alichopoteza, au kurudi peke yake usiku wenziwe walipolala, hiyo si burudani tena. Waganga wa siku hizi wanaihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa, na Shirika la Afya Duniani limeiandika katika orodha yake ya magonjwa. Basi mtu huyo asitangazwe kwa aibu, bali apelekwe kwenye msaada. Na mkewe au mumewe asiachwe gizani.

Walimu na wasiseme, “Mambo haya ni ya Marekani.” Katika miji yetu zimo mashine za kamari, na vijana huweka dau la mpira kwa simu zao. Dadu hazimo, lakini swali ni lile lile: nafasi ya kweli ni ngapi, na malipo ni kiasi gani? Kijana awezaye kuuliza hivyo, tena akakaa na kuhesabu jibu, ameisha kupata ngao. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini mgeni huona mchezo huu ni mwepesi katika mtupo wa kwanza? Onyesheni kwa hesabu.
2. Shabaha ikiwa 5, njia za kushinda ni ngapi, na za kushindwa ni ngapi?
3. Kwa nini twasikia habari za walioshinda kuliko za walioshindwa?
4. Rafiki yako ameishiwa mezani, naye akuomba mkopo. Utamjibuje pasipo kumwaibisha?
5. Katika usharika wenu, ni mchezo gani wa kamari ulioingia? Jifunzeni malipo yake, mkayapime kwa hesabu.