Duka la Sadaka: Amana Baina ya Mtoaji na Mnunuzi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu zangu wasomaji, somo letu la mara hii limetokana na swali la mama mmoja, nalo ni zito kuliko lilivyoonekana lilipoulizwa.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka mmoja, nilihudhuria mahali palipokuwa pakigawiwa maskini nguo za sikukuu. Mahali penyewe sitapataja, wala waliogawa sitawataja, kwani nia yao naidhania kheri. Watu walipangwa safu juani, wakaitwa mmoja mmoja, na kila aliyepokea alisimamishwa apigwe picha hali ameshika alichopewa. Mama huyo alikuwa nyuma ya safu pamoja na watoto wawili. Zamu yake ilipokaribia alijifunika uso kwa ushungi wake, akawashika wanawe mikono, akaondoka mikono mitupu.

Siku ya pili alinijia baada ya sala ya alasiri, akaniambia: "Sheikh, mimi si mwombaji. Nafua nguo za watu, napata kidogo. Je, hapana pahali katika mji huu niwezapo kumnunulia mwanangu kanzu kwa hicho kidogo changu, nikatoka nayo kama mtu yeyote atokavyo dukani?" Nikamwambia: "Mama, nipe muda nitazame." Haya yafuatayo ndiyo niliyoyatazama.

NINI DUKA LA SADAKA?

Duka la sadaka ni duka ambalo vitu vyake havikununuliwa. Watu huleta walivyokuwa navyo na hawavihitaji tena: nguo, viatu, vitabu, vyombo vya jikoni, cherehani na kadhalika. Wahudumu huvichambua, huvisafisha na kuvitia bei nafuu. Fedha ipatikanayo, baada ya kutolewa gharama, hutumiwa katika jambo la kheri lililotangazwa tangu mwanzo.

Kwa hivyo duka hilo huwafaa watu watatu kwa pamoja. Wa kwanza ni mtoaji, aliyekuwa na kitu kimelala kabatini kikiliwa na nondo. Wa pili ni mnunuzi, apataye kitu kizuri kwa fedha yake mwenyewe. Wa tatu ni yule atakayefikiwa na ile fedha, kama mgonjwa asiye na dawa au mtoto asiye na karo.

Yatupasa tulipambanue duka hili na mambo mawili. Si ugawaji, kwa sababu mtu hapokei, ananunua. Wala si biashara ya mitumba, kwa sababu mwuza mitumba amenunua robota lake kwa mtaji, akalipa usafiri na ushuru, naye ana haki ya faida yake.

ASILI YAKE

Maduka haya yameenea sana Uingereza. Katika mwaka 1942, wakati wa vita, kuliundwa kamati katika mji wa Oxford ili kuwasaidia watu wa Ugiriki, waliokuwa wakifa njaa chini ya utawala wa Wajerumani na kufungwa kwa njia za bahari. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Oxfam. Vita vilipokwisha watu waliendelea kuleta vitu, na baina ya mwisho wa mwaka 1947 na mwanzo wa 1948 kamati ikawa na duka lake katika njia ya Broad Street. Mwenye kuusukuma mpango huo alikuwa mfanyabiashara, Cecil Jackson-Cole, na mwaka 1949 akaajiriwa Joe Mitty kuliendesha. Leo maduka ya namna hii katika Uingereza ni kiasi cha 10,000, na wengi wa wanaoyahudumia hujitolea bila ya mshahara. Waislamu wa huko nao hawakubaki nyuma: Islamic Relief, iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1984, ina maduka yake ya sadaka.

Na serikali ya huko huyasaidia. Katika England, duka la jumuia ya kheri ambalo bidhaa zake zote au nyingi ni vitu vilivyotolewa bure hupunguziwa kodi ya jengo kwa asilimia 80.

Sasa tazameni jinsi khabari hii inavyotufikia mpaka hapa pwani. Si vyote viletwavyo katika maduka hayo vinavyouzika. Vinavyosalia huuzwa kwa uzani kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, vikachambuliwa kwa daraja, vikafungwa marobota, vikapakiwa melini. Baadhi yake huteremshwa Kilindini, na baada ya siku chache yatundikwa Kongowea. Basi huenda shati ulilolinunua jana lilianza safari yake kwa kuwa sadaka ya kizee mmoja wa Uingereza. Hapana haramu katika kulinunua. Lakini hapana budi tujiulize: inakuwaje sisi tununue masalio ya sadaka ya wenzetu, na hali makabati yetu yamejaa kanzu zilizotufupia na nguo za arusi zilizovaliwa usiku mmoja tu?

DALILI ZAKE KATIKA DINI YETU

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la kigeni. Amepokea Abu Daud kwa Anas bin Malik (r.a.) khabari ya mtu wa Ansari aliyemjia Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimwuliza nyumbani kwake mna nini, naye akataja tandiko na bakuli la kunywea maji. Akaamrishwa avilete, na Mtume (s.a.w.) kwa mikono yake mwenyewe akavinadi mbele ya watu. Mmoja akatoa dirhamu moja, Mtume akataka mwenye kuzidisha, na mwengine akatoa dirhamu mbili. Dirhamu moja ikawa ya chakula cha watu wake, na moja ya kununulia shoka ili akate kuni. Baada ya siku kumi na tano mtu yule alirejea na dirhamu kumi. Wako wataalamu walioona udhaifu katika isnadi ya hadithi hii kwa urefu wake, na sehemu ya mnada ameipokea Tirmidhi na kuihesabu kuwa hasan. Mafunzo yake ni dhahiri: kitu kilichotumika kina thamani, kukiuza kwa ajili ya maskini si aibu, na aliye bora kwa maskini ni yule amwondoleaye haja ya kuomba.

MAS'ALA YAPASAYO KUANGALIWA

Kheri ya duka hili husimama juu ya uaminifu. Uaminifu ukiondoka, litakuwa limekula mali ya watu kwa jina la dini. Basi angalieni mambo haya.

La kwanza: idhini ya mtoaji. Mwenye kuleta kanzu na kusema, "Mpeni yatima," ameifanya kanzu hiyo kuwa ya yatima. Mpokeaji ni wakili wake tu, na wakili hana ruhusa ya kupita mpaka aliowekewa. Hawezi kuiuza, hata kama aona kuuza kuna faida zaidi. Kwa hivyo mlangoni mwa duka na paandikwe kwa herufi kubwa kuwa vitu vyauzwa na fedha yake yaenda pahali fulani, na apokeaye aliseme hilo kwa ulimi wake. Ajabu ni kuwa sheria ya kodi ya Waingereza imefika karibu na hapa. Katika mpango wao uitwao Gift Aid, duka huuza kwa niaba ya mwenye kitu na kumjulisha kimepata kiasi gani, na fedha ikithibiti kuwa ameitoa, serikali huongeza peni 25 juu ya kila pauni moja, maadamu mtu huyo ni mlipa kodi. Huo ni uwakala kama tuujuavyo katika vitabu vyetu vya fiqihi.

La pili: zaka isichanganywe. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba, na yapasa iwafikie iwe milki yao. Haifai kulipia pango la duka wala kununulia rafu zake. Mwenye kuleta fedha ya zaka na aelekezwe kwa wenye kustahiki.

La tatu: kitolewe kizuri. Katika Sura ya Baqara, aya ya 267, tumekatazwa kukusudia kibaya ili tukitoe, kitu ambacho lau tungepewa sisi tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Basi kipimo ni chepesi: kitazame ulichokishika, ujiulize kama ungempa ndugu yako akivae mbele ya watu. Kama jibu ni la, kifanye tambara la kupigia sakafu. Duka la sadaka si jaa.

La nne: aibu ya kitu isifichwe. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono ndani yake, akakuta umajimaji chini ya kikavu, akamkemea mwenye kuuza. Cherehani isiyoshona vyema na iuzwe, lakini iandikwe kasoro yake. Mnunuzi maskini hana fedha ya kukosea mara mbili.

La tano: wahudumu wasijichagulie. Hili ndilo liyavunjayo mengi ya namna hii. Kitu kizuri kikifika hufichwa chini ya meza kwa ajili ya shangazi wa fulani. Kumbukeni khabari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akauliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata. Na katika madhehebu yetu ya Shafii wakili hajiuzii mwenyewe alichowakilishwa kukiuza. Basi mhudumu akitaka kitu, na akiache rafuni, kiuzwe na mwengine kwa bei iliyoandikwa, baada ya watu kukiona.

Na mtoaji naye asirudi kununua alichokitoa. Sayyidna Umar (r.a.) alitoa farasi katika njia ya Mwenyezi Mungu, kisha akamwona hatunzwi, akataka kumnunua. Mtume (s.a.w.) akamkataza, hata kama angeuziwa kwa dirhamu moja. Wanavyuoni wengi wamelichukua katazo hili kuwa ni karaha, na mwenye kujihadhari hujiepusha.

La sita: ujira na hisabu. Umar (r.a.) alipoiweka wakfu shamba yake ya Khaibar, mwenye kuisimamia aliruhusiwa kula kwa wema bila ya kujilimbikizia. Kwa kiasi cha hilo, muuzaji wa duka aweza kupewa ujira ujulikanao. Lakini daftari liwe moja, wahesabuji wawe wawili, na kila mwezi karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe mlangoni. Msitwambie, "Sisi ni watu wa dini, tuaminini." Mtu wa dini ndiye wa kwanza kutoa hisabu.

JE, HATUTAWADHURU WENGINE?

Ndugu mmoja katika darasa aliuliza: "Na mama auzaye mitumba barazani kwake, naye ana mayatima, duka hili halitamwua?" Swali lake ni la haki, na katika kanuni za fiqihi madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Duka lililopewa vitu bure laweza kushusha bei mpaka jirani akose wateja.

Jawabu letu ni hili. Duka lisishindane na jirani kwa vile anavyoviuza yeye. Mashati na suruali za ng'ambo na waachiwe wenye mitumba. Duka liuze vile ambavyo haviji katika marobota: kanzu, buibui, leso, sare za skuli, vitabu vya madrasa, masufuria, vitanda vya watoto. Na asiye na hata hicho kidogo, imamu au mzee wa mtaa ampe cheti kwa siri, naye achague kama wengine na kukitoa cheti chake mahali pa fedha. Aliye nyuma yake hatajua. Tumefunzwa katika Sura ya Baqara, aya ya 264, kuwa masimbulizi na maudhi huibatilisha sadaka, na ni maudhi gani yapitayo kumsimamisha mtu apigwe picha na umaskini wake?

KHATIMA

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Nasi twaongeza: kutoa ni adabu pia. Kuanza hakutaki jengo kubwa. Chumba kimoja cha duka la wakfu chatosha, pamoja na rafu mbili, daftari, na watu watatu waaminifu wa kupokezana saa. Lakini hata hicho kisifunguliwe mpaka yajulikane majibu ya maswali haya, ambayo nawaomba myadurusu kabla ya kikao kijacho:

1. Ni nani atakayeshika daftari, na ni nani atakayemkagua?
2. Fedha ya mwaka wa kwanza itakwenda katika jambo gani moja?
3. Kila mmoja wetu ana nini kabatini mwake ambacho angeridhia ndugu yake akivae?

Yule mama alipita tena juzi akaniamkia, wala hakuniuliza. Nami sina jibu la kumpa mpaka nyinyi mtakapojibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kutoa kwa ikhlasi na kushika amana. Wabillahi tawfiq.