Pishi ya Madina na Soko la Arua: Je, Kununua vya Nyumbani ni Sehemu ya Dini?

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake.

Ama baad. Ndugu zangu katika imani, darasa la toleo hili limezaliwa na ubishi. Kabla ya Idd el-Fitr iliyopita, jumuiya yetu ilichanga fedha za kuwavika kanzu watoto thelathini wa madrasa moja huko Koboko. Kamati ilipokaa, ikagawanyika. Wengine walitaka tununue kanzu zilizokwisha kushonwa, zinazotoka nje na kuuzwa madukani Arua. Bei yake ilikuwa nafuu kidogo, na zilikuwa tayari. Wengine, nikiwemo mimi, tulitaka kazi apewe fundi cherehani wa hapa hapa. Mjadala ulipopamba moto, ndugu mmoja akaufunga kwa Kiarabu: hubbul watan minal iman, kupenda nchi ni katika imani. "Hiyo ni hadithi," akasema. "Nani atapinga hadithi?" Hakuna aliyepinga. Kazi akapewa fundi.

Siku moja kabla ya Idd, kanzu kumi na mbili zilikuwa hazijakamilika. Watoto kumi na wawili waliswali Idd na nguo zao za kila siku, wamesimama safu moja na wenzao waliovaa nyeupe mpya. Mimi ndiye niliyezipeleka zile kumi na nane Koboko, na mimi ndiye niliyeulizwa na mtoto, "Yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nilirudi kwanza vitabuni, nijue dini inasema nini hasa kuhusu jambo tulilolifunga kwa msemo mmoja.

1. Msemo si hadithi

Tuanze na ukweli wa kielimu. Maneno hayo hayakuthibiti kuwa ni ya Mtume (S.A.W.). Imam as-Saghani aliyaweka miongoni mwa yaliyozuliwa. Imam as-Sakhawi alisema hakuyapata katika hadithi, ingawa aliona maana yake inaweza kuwa sahihi. Basi sisi wanafunzi tusimsingizie Mtume (S.A.W.) neno kwa sababu tu linatusaidia kushinda hoja katika kikao.

Hata hivyo, kupenda nyumbani hakuhitaji hadithi ya kutunga. Imam Tirmidhi amepokea kwamba Mtume (S.A.W.), alipokuwa akiiaga Makka, aliieleza kuwa ndiyo ardhi bora ya Allah na kwamba asingetoka lau asingetolewa. Huo ni upendo wa nchi wa mtu aliyefukuzwa nchini mwake. Watu wa West Nile tunauelewa vizuri, maana baada ya mwaka 1979 wazee wetu wengi walikimbilia Zaire na Sudan, wakaishi huko miaka wakiikumbuka Koboko na Arua.

2. Bidhaa ya kigeni si haramu

Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kuharimisha. Makka yenyewe iliishi kwa misafara: Sura Quraysh inataja safari zao za kusi na kaskazi, na Sura al-Qasas aya ya 57 inataja matunda ya kila aina yanavyoletwa huko. Katika Sahihi Bukhari tunasoma kuwa nguo aliyoipenda Mtume (S.A.W.) ni hibara, nguo ya Yemen, na kwamba aliwahi kuvaa juba la Sham lenye mikono ya kubana. Nguo hizo hazikufumwa Madina, na Sham wakati ule ilikuwa chini ya Warumi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayenunua shati la mtumba sokoni Arua hana dhambi, wala anayevaa kanzu iliyotoka Dubai au China si msaliti. Tusifanye haramu kile ambacho Allah hakukiharimisha.

3. Dua ya pishi

Hapa ndipo nilipokuta nilichokuwa nakitafuta. Bukhari amepokea dua ya Mtume (S.A.W.) alipofika Madina na masahaba wakashikwa na homa. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, kisha akaomba baraka katika saa' na mudd zao.

Wasomaji wa Kiswahili wanajua vipimo hivyo kwa majina mengine. Saa' ndiyo pishi, na mudd ndiyo kibaba. Vibaba vinne ni pishi moja, ile ile tunayoitoa zakatul fitri. Ndugu zangu, tazameni: Mtume (S.A.W.) alipoomba mapenzi ya mji wake mpya, dua iliyofuata ilikuwa ya vipimo vya sokoni.

Madina ile ilikuwaje? Ibn Majah amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (S.A.W.) alipowasili, watu wake walikuwa wabaya kabisa katika kupima. Ndipo ikateremka Sura al-Mutaffifin, wakarekebisha vipimo vyao. Baadaye, kama walivyopokea Abu Daud na Nasai, kipimo cha ujazo cha watu wa Madina kikawa ndicho kinachotegemewa. Mji uliokuwa ukipunja ukawa rejea ya umma mzima. Bidhaa ya Madina ilipata heshima baada ya watu wake kuacha kupunja.

Sote tunalijua kopo lililobonyezwa kitako, linalopima maharage au ufuta pungufu. Tunaijua asali iliyochanganywa na maji ya sukari, ilhali asali ya West Nile haihitaji kuchanganywa na kitu. Imam Muslim amepokea kisa cha Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta majimaji chini. Muuzaji akasema ni mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuyaweka juu watu wayaone, kisha akajitenga na kila mwenye kudanganya. Muuzaji yule alikuwa akiuza hapo hapo Madina, na hilo halikumwokoa.

4. Mnunuzi naye anaweza kupunja

Aya tatu za mwanzo za al-Mutaffifin haziishii kwa muuzaji. Zinamlaumu anayechukua haki yake kamili kwa watu, na anapofika zamu ya kuwapa wao, anapunguza. Nilipozisoma niliikumbuka kamati yetu, na nikaona aibu.

Kwa nini kanzu kumi na mbili hazikukamilika? Fundi alikuwa na kosa lake: alipokea kazi za watu wengine wengi, na hakutuambia mapema kuwa amezidiwa. Lakini sisi tulimpelekea kazi siku kumi tu kabla ya Idd. Tulimpa malipo kidogo ya kuanzia, na mengine tukaahidi. Kitambaa kilipomwishia, hakuwa na fedha ya kununua kingine. Lau tungeenda dukani kwa kanzu za nje, tungelipa taslimu, shilingi zote, siku hiyo hiyo. Mgeni tulikuwa tayari kumpa fedha mkononi. Ndugu yetu tukampa uzalendo na ahadi.

Bukhari na Muslim wamepokea kuwa mwenye uwezo anapochelewesha kulipa deni, huo ni dhulma. Fedha zilikuwepo kwa mweka hazina. Basi na sisi tulipunja pishi.

5. Onyo kutoka nyumbani kwetu

Historia yetu ina onyo kubwa zaidi, na sisi wa Koboko hatuwezi kulikwepa, kwa kuwa Rais Idi Amin alikuwa Mkakwa mwenye asili ya huku. Agosti 1972 alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Jambo hilo liliitwa vita vya uchumi, uchumi urudi mikononi mwa wananchi. Maduka na viwanda vikagawiwa wanajeshi na watu wengine wasiovijua. Bidhaa zikaisha bila kununuliwa nyingine, mashine zikakosa vipuri, na viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora. Bibi yangu husimulia kuwa walifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni. Kilichostawi ni magendo.

Malalamiko ya wananchi kuhusu biashara ya wakati wa mkoloni hayakuwa uongo. Lakini Sura an-Nisaa aya ya 29 inakataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Mali iliyochukuliwa bila kuridhiana haikupata baraka, na waliosota kwenye foleni za sukari ni wananchi wale wale waliosemekana kutetewa.

Serikali zilizofuata zimetumia njia nyingine. Uganda ina sera ya BUBU ya mwaka 2014, ya kununua vya Uganda ili kuijenga Uganda, inayotaka hasa ofisi za serikali zitangulize bidhaa za ndani. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walipanga kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru ya AGOA. Uganda, Kenya na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikapoteza nafuu hiyo kwa nguo zake. Agosti 2023, huko Mbale, Rais Museveni alitangaza tena kupiga marufuku mitumba. Bado marobota yanafunguliwa, kwa sababu maskini hununua anachokimudu, na tangazo peke yake halimshonei nguo.

6. Koboko mgeni ni nani?

Swali hili ni gumu zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Kampala. Wakakwa wako Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Walugbara wako pande mbili za mpaka wa Kongo. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulipita katikati ya koo. Mama wa Koboko anayenunua bidhaa iliyotoka Ariwara huenda anamnunulia binamu yake. Zaidi ya hayo, Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022. Na pale Lobule wapo wakimbizi wa Kongo wanaolima na kuuza, kama wazee wetu walivyopokewa upande wa pili.

Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliuliza ampe zawadi jirani yupi kati ya wawili, akaambiwa yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Hadithi hii ni ya zawadi, lakini inatufundisha mpangilio: haki huanzia mlango wa karibu, bila kumchukia wa mbali. Ndivyo pia Muadh (R.A.) alivyoagizwa Yemen: zaka ichukuliwe kwa matajiri wao irudishwe kwa mafukara wao. Mlango wa karibu haujali daima rangi ya bendera.

Tusiligeuze hili kuwa udhuru wa magendo. Hata anayeona ushuru ni mzito hana ruhusa ya kudanganya na kuhonga, na aliyelaaniwa katika rushwa ni mtoaji na mpokeaji.

7. Tufanye nini?

Kwanza, tuitazame bidhaa kabla ya jina la nchi: je, ni halali, na imepatikana kwa haki? Pili, bei na ubora vikikaribiana, tuanze na wa karibu. Muhogo, ufuta, asali na maembe ya huku, na kahawa ya Zombo, havina sababu ya kukosekana kwenye futari zetu. Tatu, tumlipe mzalishaji wetu kama tunavyomlipa muuzaji wa vya nje: mapema, taslimu, kwa mapatano yaliyoandikwa, kama Sura al-Baqara aya ya 282 inavyofundisha katika madeni. Nne, tumwambie ukweli kazi yake ikiwa mbaya. Kumsifu fundi kwa sababu tu ni wetu ni kumdanganya.

Tano, tuzijue shida zake. West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2024 tu. Kabla ya hapo tulitegemea bwawa dogo la Nyagak na majenereta, umeme ukikatika kila mara. Anayemlinganisha fundi huyo na kiwanda cha Guangzhou bila kulikumbuka hilo hajapima kwa uadilifu.

Na tukiri: kitambaa cha kanzu zetu kilitoka nje, na cherehani pia. Kilichokuwa cha Arua ni mkono wa fundi. Mkono huo hautudai vita na dunia. Unatudai ujira wake.

Zile kanzu kumi na mbili zilifika Koboko siku ya nne ya Shawwal, baada ya kulipa deni letu. Kwa Idd el-Adh-ha kamati imekubaliana kumpa kazi fundi yule yule, miezi miwili kabla, nusu ya malipo mkononi, na siku ya kukabidhi imeandikwa na kusainiwa na pande zote mbili. Mtuombee dua.

Maswali ya halaqa

1. Toa mifano miwili ya kupunja inayofanywa na mnunuzi, si muuzaji.
2. Jumuiya yako inamdai au inadaiwa na fundi au mkulima gani wa hapa? Deni hilo lina muda gani?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumtanguliza jirani na kumdhulumu mgeni? Tumia mfano wa 1972.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.