Mtoto Mchanga Ana Kosa Gani?

Swali la dhambi ya asili hapa chuoni huwa linaulizwa kwa utani. Mtu kafeli testi, anasema yote haya ni Adamu, angeliacha lile tunda saa hizi tungekuwa bustanini. Watu wanacheka, mjadala unaishia hapo. Ila chini ya utani huo kuna lalamiko la kweli: Adamu kala, mimi nashitakiwa kwa lipi? Nimeona nilijadili kwa uzito kidogo, hasa kwa wenzangu tunaosoma ualimu. Tutakabidhiwa watoto, na mwalimu anavyoamini kuhusu mtoto ndivyo atakavyomshika.

Tuanze na kitabu chenyewe. Mwanzo sura ya 3 inataja tunda, wala haisemi ni tunda gani. Neno "dhambi" halimo kabisa katika sura hiyo. Linajitokeza sura ya 4, kwenye habari za Kaini, na hapo Kaini anaambiwa kwamba inampasa aishinde. Adhabu za Adamu na Hawa zipo: jasho, uchungu wa kuzaa, kurudi mavumbini. Lakini kwamba mjukuu wa Adamu anazaliwa akiwa na hatia, sura hiyo haisemi. Wayahudi, waliokuwa na kitabu hiki kabla ya Wakristo, hawakujenga juu yake fundisho la namna hiyo. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anaikataa waziwazi methali ya watu wake kwamba baba wakila zabibu mbichi, meno yanayokufa ganzi ni ya watoto. Kwake, kila mtu anajibu kwa lake. Najua kuna atakayenipeleka Kutoka 20, penye kizazi cha tatu na cha nne. Sawa. Basi tukubaliane kwamba suala hili lina ubishi ndani ya Biblia yenyewe.

Aliyelipa fundisho hili sura tunayoijua ni Mwafrika wa kaskazini, Augustino (354–430), askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba, Algeria. Augustino alisoma Biblia kwa Kilatini; Kigiriki chake kilikuwa hafifu. Katika Warumi 5:12, tafsiri ya Kilatini aliyoitumia ilimpa maana kwamba watu wote walitenda dhambi "ndani yake", yaani ndani ya Adamu. Kigiriki cha Paulo wataalamu wengi wanakisoma "kwa sababu": kifo kiliwafikia wote kwa sababu wote walitenda dhambi. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union nayo ina "kwa sababu". Maneno mawili tu, lakini pima tofauti yake. La kwanza linaniweka bustanini kabla sijazaliwa. La pili linanihukumu kwa niliyoyafanya mwenyewe.

Haitakuwa haki kusema Augustino alijenga nyumba nzima juu ya kosa la tafsiri. Alikuwa na hoja nyingine, nzito zaidi. Kanisa lilikuwa tayari linabatiza watoto wachanga, na ubatizo ni kwa ondoleo la dhambi. Sasa mtoto wa wiki moja anaondolewa dhambi gani? Mpinzani wake Pelagius, mtu wa Uingereza, alisema dhambi ya Adamu inatufikia kwa kuiga mfano mbaya, haitufikii kwa kuzaliwa. Mkutano wa maaskofu huko Karthago mwaka 418 ukayalaani mafundisho hayo. Baadaye akaja Juliano wa Eclanum, askofu wa Italia, akauliza lile lile la mabweni yetu: Mungu wa haki anamhukumuje mtoto kwa tendo la mwingine? Augustino alikuwa bado anamjibu Juliano alipofariki. Na hakukwepa matokeo ya hoja yake. Alishikilia kwamba mtoto asiyebatizwa anapotea, japo adhabu yake ni nyepesi kuliko zote.

Hapo ndipo mimi nakwama, na sikwami kwa sababu za darasani. Mwaka jana dada yangu mkubwa alijifungua mtoto akaishi siku mbili. Hakubatizwa, hakuna aliyekumbuka kwamba katika hatari ya kifo mtu yeyote anaweza kubatiza, hata muuguzi, hata mfagiaji wa wodi, bora awe na maji na nia. Bibi alipopigiwa simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Alimwagiwa maji?" Msimwone katili. Alifundishwa hivyo kwenye katekesi akiwa binti mdogo, na alikuwa anaulizia kitukuu chake kiko wapi. Dada alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, eti kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, "Amekosa nini?"

Nilikwenda kutafuta, na niliyoyakuta Wakatoliki wengi hatuyajui. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 404 na 405, inasema dhambi ya asili si kosa binafsi la mtoto yeyote wa Adamu. Ni hali mtu anayoipokea, wala si tendo alilolifanya, na inaitwa dhambi kwa mlinganisho tu. Namba 1261 inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilitoa andiko lililoeleza kwamba kuna sababu za msingi za kutumaini wokovu wao, na kwamba limbo, ile sehemu ya pembeni waliyodhaniwa kupelekwa, haikuwahi kuwa fundisho rasmi la imani. Hata sheria ya Kanisa, kanuni ya 1183, inamruhusu askofu kutoa kibali mtoto azikwe kwa ibada ya Kanisa iwapo wazazi walikusudia kumbatiza. Nilimsomea dada yote hayo kwenye simu. Bibi nilimsomea mara mbili.

Waorthodoksi wao hawakumfuata Augustino katika hili: kwao tulichorithi ni kifo na udhaifu, hatia ya Adamu alibaki nayo Adamu. Waislamu nao wanaamini Adam na Hawa walitubu wakakubaliwa, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Lakini mwenzangu wa chumbani, ambaye ni Mwislamu, anakiri kwamba hata hivyo tuko duniani, hatuko bustanini. Matokeo tunayo, kesi hatuna.

Kwa maoni yangu tofauti ya matokeo na hatia ndiyo kila kitu hapa. Mtoto anaweza kuzaliwa na VVU kutoka kwa mama yake. Hakuna mkunga anayemuuliza alifanya nini, anampa dawa. Mtoto anazaliwa ndani ya deni la taifa ambalo hakulisaini, ndani ya matusi ya kikabila aliyoyakuta yameshatungwa. Fundisho hili likisema hakuna anayeanza na ukurasa mweupe, naliona la kweli, tena la kweli kuliko wale wanaodai kila mtu ni matokeo ya juhudi zake tu. Tatizo ni kuiita hali hiyo dhambi kisha kutegemea watu wakumbuke kwamba ni mlinganisho. Kiswahili ndiyo kimezidisha: "asili" ni chanzo, lakini pia ni maumbile. Mtoto wa kipaimara anaposikia dhambi ya asili, anaelewa kwamba yeye kaumbwa hivyo.

Na walimu tunalibeba hilo mpaka darasani. Kwenye falsafa ya elimu tunasoma Émile ya Rousseau, ya mwaka 1762, inayodai mtoto huzaliwa mwema. Tunachokipita haraka ni kwamba Askofu Mkuu wa Paris alikilaani kitabu hicho mwaka huo huo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba kilikana dhambi ya asili. Rousseau kwangu anazidisha. Ukikaa na watoto wa chekechea asubuhi moja utamwelewa Augustino, aliyeandika katika Maungamo kuhusu kichanga anayemwonea wivu mwenzake kwenye ziwa. Ila Augustino aliona uovu pale ambapo mimi naona njaa na hofu ya kukosa.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuta kidato cha pili kizima kimepiga magoti kwenye changarawe kwa sababu ya dirisha lililovunjwa jana yake, na aliyevunja hajatajwa. Katikati yao alikuwepo kijana ambaye rejesta yangu ilionyesha siku ile hakuja shule. Nilimwita pembeni nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mwalimu kasema darasa zima," akanijibu, akarudi kupiga magoti.